Winga wa Mkono Mmoja

Ngollo alizaliwa Urambo, kwa watu wa tumbaku, akaja Tabora mjini kutafuta kazi ya kupasua mbao. Alikuwa mwembamba, mwenye mbio, na jioni alicheza winga ya kulia kwenye kiwanja cha mtaa wa Cheyo, vumbi tupu na mashimo ya panya. Mwaka wa pili baada ya Uhuru, msumeno wa mashine ulinasa shati lake penye gogo la mninga. Alipozinduka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umeishia chini ya kiwiko.

Alijifungia ndani karibu mwaka mzima. Aliyemtoa ni Mwalimu Justus, Mhaya aliyekuwa katibu wa timu, alipomjia na gazeti la zamani kwapani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ngollo, unaijua Urugwai?"

"Ni kijiji cha wapi?"

"Ni nchi, bwana, huko Amerika ya Kusini. Ndogo tu. Katiba yao ilipotimiza miaka mia, walijenga uwanja mkubwa ajabu mjini Montevideo, kazi usiku na mchana, ukasimama kwa miezi michache. Saruji haijakauka sawasawa, watu tele. Unajua nani alifunga goli la kwanza mle?"

"Nitajuaje mimi?"

"Mtu wa mkono mmoja. Wa kwake nao ulikatwa na msumeno."

"Mwalimu, usinitanie."

"Haki ya Mungu! Soma mwenyewe."

Wiki iliyofuata Ngollo alirudi kiwanjani. Miguu haikuwa imesahau kitu. Kasoro ilikuwa moja: mpira ukitoka nje, sheria inataka urushwe kwa mikono miwili.

"Rusha basi, Kigutu!" wenzake walimtania.

"Rusheni ninyi, mimi nafunga," naye aliwajibu, na kweli alifunga.

Likaja Azimio la Arusha, na watu wa Cheyo wakaamua kujitengenezea uwanja wa maana, na majukwaa ya udongo pande zote, ufunguliwe siku ya Saba Saba. Nahodha wa timu, Abbasi, fundi cherehani mzaliwa wa mjini, alikuwa na ulimi wa asali. Kila Jumapili alimpandisha Ngollo juu ya kifusi.

"Mtazameni huyu! Mkono mmoja, na karai kichwani. Ninyi wenye miwili mmefuata kahawa?"

Watu waliona haya, wakashika majembe. Kisha Abbasi alimwekea Ngollo mkono begani. "Ndugu yangu, siku ya kufungua unaanza wewe. Goli la kwanza ni lako, kama Montevideo."

Ngollo alichimba na kubeba kwa miezi minne. Mkewe Minza, mtu wa Ziba, alilalamika.

"Mpunga wetu umemezwa na majani, baba, nawe unapalilia uwanja wa watu."

"Nitaanza mimi, Minza."

Minza akachukua sindano. Akamshonea kaptura nyeupe, akatia lastiki kiunoni ili asihangaike kufunga kamba.

Asubuhi ya Saba Saba Mwalimu Justus alisoma majina kumi na moja. Ngollo alisubiri lake mpaka karatasi ikakunjwa.

"Mwalimu, umeniruka."

Justus aliitia karatasi mfukoni. Alijibu Abbasi. "Elewa, ndugu. Mgeni rasmi anatoka Dar es Salaam. Atasema Tabora imekosa watu? Halafu mipira ya kurusha je?"

"Tangu lini nikarusha mimi?"

"Utacheza Jumapili ijayo."

"Jumapili ijayo goli la kwanza litakuwa limekwisha fungwa."

Akaenda kusimama nyuma ya kamba, na kaptura yake nyeupe, katikati ya watu aliobeba nao udongo.

Mgeni rasmi alisifu uwanja, kisha akatazama huku na huku. "Mliniandikia habari za kijana wa mkono mmoja aliyewatangulia katika kazi hii. Yuko wapi? Nataka kumwona."

Abbasi alikohoa. "Mheshimiwa, bahati mbaya amesafiri. Yuko kwao Urambo."

Cheyo nzima ilisikia. Ngollo alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Mwanamke mmoja aliguna. Waliokuwa karibu na Ngollo waliinamisha vichwa. Mwalimu Justus alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta, akaifuta.

Ngollo aliishika kamba. Akipiga kelele mwenyewe, ataonekana mlevi mbele ya mgeni. Basi akangoja mtu mwingine aseme, "Huyu hapa." Mmoja tu angetosha. Ikalia filimbi, mpira ukaanza.

Kesho yake yeye na Minza walipanda treni kwenda Urambo, wakaanza tumbaku. Mwalimu Justus aliandika barua mbili. Ngollo alizisoma, hakuzijibu. Goli la kwanza la uwanja ule alifunga nani, hakuuliza.

Miaka ikapita, wakaingizwa katika kijiji cha ujamaa. Siku moja mwenyekiti wa vijana alimfuata shambani.

"Shikamoo, mzee Ngollo. Tunataka kutengeneza uwanja wa mpira. Tumesikia wewe ni hodari wa kazi hiyo."

"Marahaba. Majina ya wachezaji ataandika nani?"

Kijana akacheka. "Hayo tutayaona uwanja ukiisha, mzee."

Ngollo alimtazama kidogo, akainama, akaendelea na matuta yake ya tumbaku.