Changarawe Niliyoimwaga Langoni

Siku yangu ya kwanza kazini ilianzia juu ya lori, mjini Suneka, nikidaka matofali yaliyorushwa mawili mawili kutoka chini. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nikazurura mji hadi mji nikitaka kujua kila kitu kinavyofanywa. Kocha Mkuu wa timu ya pale alisimama akanitazama.

"Mbona hayakuumizi?"

"Ukilipinga tofali litakuumiza. Unarudi nalo nyuma kidogo."

"Kesho njoo uwanjani. Na ukate hizo kucha."

Nikawa kipa. Kocha alinifundisha kupunguza pembe, yaani kumsogelea mshambuliaji mpaka lango limpungukie machoni. Alinifundisha na kuanguka: paja, ubavu, kisha bega, kiwiko kamwe. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mbele ya lango palikuwa tope tupu. Tulitwaa ubingwa mara mbili, na mara zote mbili nilirudi nyumbani kama kiazi kilichong'olewa sasa hivi. Nililichukia tope lile.

Magoti yaliponishinda, Mwenyekiti wa timu aliniita. "Cheti huna, lakini maswali unayo. Utakuwa meneja wa timu."

Jambo la kwanza nililoagiza ni changarawe imwagwe langoni, ishindiliwe mpaka pawe pakavu. Kipa wetu mpya, Nyabuto kutoka Kebirigo, alipakanyaga akaguna.

"Mzee, hapa tunacheza ama tunapitisha magari?"

"Utanishukuru ukirudi nyumbani msafi."

"Atakayekushukuru ni mke wangu."

Tulicheka wote.

Mechi ya tatu aliruka kushoto, akaudaka mpira, akaangukia bega juu ya changarawe. Hakuinuka. Daktari alisema mkono ule hautapanda tena kupita sikio, na kipa wa mkono mmoja hayupo.

Nilimfuata kwao, nikamkuta akichuma chai kwa mkono mzima. Nikamwambia kosa ni langu. Alimaliza mstari wake kwanza.

"Omogaka, mzee wangu, uliangukia pale miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na hukuwahi kujiuliza ni nini kilikuwa kinakupokea?"

Nimedadisi injini, dawa za ng'ombe, hata saa za watu. Ardhi iliyonibeba sikuiuliza swali hata moja. Ninyi mnaotoka uwanjani kuingia ofisini, msiwe wepesi kuondoa kilichokuwa kikiwakera.

Kabla ya kustaafu nilimwombea Nyabuto kazi ya kufundisha makipa, na Mwenyekiti akakubali. Asubuhi ya kwanza hakuitisha mipira wala filimbi. Aliitisha jembe. Kwa kuwa mkono wake haukupanda kupita sikio, changarawe ya langoni niliilima mimi.