Nilitega wavu mpakani mwa mazalia ya samaki, upepo ukaniponza

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Mimi ni mkulima wa alizeti, Ihanja. Msimu huu mvua zilitukataa, nikaenda kwa baba mkwe, mbele ya Shelui, anakovua ziwani. Akanidhamini kwenye kikundi chao cha wavuvi. Sharti ni moja: nikivunja sheria, tunafungiwa wote wawili. Na mzee hana kazi nyingine.

Ziwa lao wameligawa. Kuna zoni ya nyavu, ya ndoano tu, na ya mazalia, ambayo hata mtumbwi hauingii bila ruhusa. Mpaka ni madumu ya njano yanayoelea. Mwanzoni niliona ni roho mbaya yao tu, kumbe samaki wanaokulia mle ndio wanaotoka kuja kwenye nyavu zetu.

Sasa ukulima haujanitoka. Kwetu unalima mpaka jembe linagusa ua wa minyaa wa jirani, huachi hata tuta. Basi jioni nikatega wavu sambamba na madumu kabisa. Nikajiona mjanja.

Asubuhi nafika, nusu ya wavu iko ndani ya mazalia! Upepo ulivuma, na mawe niliyofungia yalikuwa madogo.

Hakuna aliyeniona. Ningeweza kuingia chap, nivute, nitoke.

Nikamfikiria mzee. Nikapiga kasia hadi kwa mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja asiyecheka ovyo.

"Shikamoo mama. Wavu wangu umeingia kwenye mazalia."

"Marahaba. Na wewe umeingia kuufuata?"

"Hapana, mama."

"Ungeingia ningewafungia, wewe na mkweo. Haya, twende."

Tukauvuta pamoja. Perege wakubwa walikuwa bado wazima, tukawaachia. Akanipa onyo, wavu akanirudishia. Wakuu, nilifika nchi kavu nikakaa chini nikamshukuru Mungu.

Baba mkwe nilimweleza yote mwenyewe. Akauliza, "Hayo mawe yalikuwa makubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha ngumi. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Nilichojifunza: majini usibanane na mpaka, na ukikosea wahi kusema kabla hujatafutwa.

Wa Mafia, Kigoma na Mwanza, kwenu mnaacha umbali gani? Nijibuni, kesho natega tena. Wa kunicheka mpange foleni nyuma ya mzee.