Nzi wa Unyoya

Nikisikia harufu ya rangi ya kucha, namwona mama, msusi wa mtaa wa Joubert Park jijini, akifunga unyoya wa kuku kwenye ndoano kwa uzi wa kushonea nywele ili ufanane na nzi, chambo cha samaki, kisha akiupaka rangi hiyo usifunguke. Baba alikuwa mlinzi kwenye mto wa samaki aina ya trauti, nje ya Johannesburg, na siku moja tuliruhusiwa kuvua.

Mama alirusha mshipi. Nzi wake wa unyoya akatua majini, na trauti akamdaka.

“Eish, usimwachie!” baba akapiga kelele.

“Nimwachie, halafu tule nini?” mama akacheka, viatu vyake vya kanisani vimejaa maji.

Wavuvi wa ng'ambo ya mto wakapiga makofi. Nikawapazia sauti kwa Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani niliyoionea haya shuleni: “Huyo ni mama yangu!”