Niliuliza baba mzazi ni nani, sasa kijana anaweza kupoteza shamba

Wakuu, poleni na kazi. Hili jambo limenikaa kifuani wiki tatu, situlii, wacha nilitoe. Ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mwanabiolojia, mzaliwa wa Runyenjes, Embu. Nashughulika na maadili ya utafiti wa jeni za binadamu. Yaani kabla hujachukuliwa DNA, mimi ndiye huandika fomu ya ridhaa na kuhakikisha siri yako haitoki. Na huwa nafundisha wengine, shikeni hapo.

Miezi michache iliyopita tulikuwa upande wa Siakago tukifuatilia ugonjwa wa figo wa kurithi. Kuna boma moja mzee alikufa nao, na mdogo wake, mzee Nyaga, anao. Tukachukua mate ya Nyaga na ya Njiru, kijana wa marehemu. Njiru anaishi na mjane wa huyo mzee, ambaye sote tunamwita Cucu, yaani nyanya.

Majibu yakarudi: Njiru na Nyaga hawana undugu wa damu hata kidogo.

Nikafikiri maabara wamechanganya chupa. Nikawasha pikipiki, nikaenda kuthibitisha. Na nikauliza pale pale uani, Nyaga akiwa ameketi anachambua ndengu.

"Cucu, baba mzazi wa Njiru ni nani hasa?"

Cucu aliniangalia kana kwamba nimevua nguo kanisani.

"Daktari, si wewe ni mtoto wa Embu? Mimi sikupata mtoto. Nilioa. Mama yake Njiru nilimwoa mimi, ng'ombe nikatoa, ndio nyumba ya mzee wangu isifungwe. Njiru ni wa huyo mzee. Hiyo ingine unatafuta ni ya nini?"

Wakuu, niliona aibu. Hiyo mila naijua tangu utotoni. Mwanamke asiye na mtoto anaoa mwanamke, na watoto wanakuwa wa mume wake, hata kama alishakufa. Boma lote lilijua. Fomu yangu ninayojivunia ilikuwa na nafasi ya "baba" na "mama" tu.

Tena kulikuwa na habari njema, kwamba ugonjwa wa ule ukoo haumhusu Njiru. Hata sikukumbuka kumwambia.

Siku mbili baadaye Nyaga akanifuata ofisini, anataka majibu kwa karatasi. Kumbe shamba la marehemu, ambalo Njiru analima, amelimezea mate kitambo.

Nikamwambia siwezi, ni siri ya Njiru. Hakukasirika, alicheka.

"Kaa na karatasi yako. Mimi sikuwa najua mate inaweza sema hiyo maneno. Sasa nitaambia korti ipime."

Na ameenda kweli. Kesi iko.

Njiru alinipigia akaomba nifute kila kitu chake. Nimefuta, na sampuli nimeiharibu. Akauliza, "Na korti ikitaka ingine?" Nikamwambia nitawauliza wanasheria.

Nilichojifunza ni kwamba nililinda majibu kwa kufuli na nikamwaga siri kwa swali. Mnaofanya utafiti, ulizeni kwanza watu wanahesabu vipi watoto wao, kabla ya kufungua chupa yoyote.

Wanasheria mlio humu, hasa mnaojua mila za huku kwetu: korti ikiagiza kipimo, Njiru anaweza kukataa? Nijibuni hata inbox. Cucu ananipigia kila asubuhi kuuliza, na mimi ndiye niliyemfundisha Njiru kutema kwenye chupa.