Balozi wa Bertrams

Mimi ni msusi wa nywele Joubert Park, na alasiri moja mwaka jana nilikuwa balozi.

Kanisa letu la Bertrams liliandaa mchezo wa nyimbo ambao sisi tuliotoka Bukavu tunaujua tangu shuleni. Mabalozi wawili wanakutana kuzungumzia daraja. Wanasifiana, wanagombania kiti kirefu, wanainuliana glasi, hadi mto unakauka wenyewe na daraja halina kazi tena. Ni kejeli mwanzo hadi mwisho, na sisi tuliozungushwa kwenye maofisi ya kila aina tunaicheka kwa uchungu.

Mwanaume aliyezoea kuimba nafasi ya balozi mkuu alihamia Durban. Nikasema, nipeni mimi. Mwongozaji wetu, fundi cherehani wa Doornfontein, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mama, batu habatakubali. Balozi ni mutu wa uzito. Weye batakuona tu mama wa kusuka rasta."

Niliwaka. Tukakubaliana niimbe mara hii moja. Watu wasiponikubali, nirudi nyuma kwenye kwaya na nisiombe tena. Wiki nzima nilisuka vichwa huku nikiimba, hata mteja mmoja akanisihi nipumzike.

Siku yenyewe nilivalia nyumbani: suti ya bluu, mkanda wa rangi begani, kilemba kirefu. Mlango wa nyuma wa ukumbi ulikuwa umezibwa na bakkie ya mtu, gari la mizigo, nikapitia wa mbele. Hapo walisimama wanaume wa protokoli, glavu nyeupe mikononi, walioazimwa kutoka kanisa jirani. Kwetu shughuli haiendi bila protokoli. Wao ndio wanaojua nani akae wapi, na hakuna anayebishana nao. Mmoja aliniona, akainama, akaniongoza hadi safu ya mbele, kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, na chupa ya maji pembeni.

"Mimi ni mchezaji," nikamwambia.

Alicheka kwa heshima. "Ekselansi anapenda mizaha."

Muziki ukaanza. Nikainuka. Akanirudisha kitini taratibu.

"Ekselansi, mubakie kwanza. Bado habajaita jina lenu."

Kinanda kilirudia mwanzo wa wimbo wangu, kikarudia tena. Mwongozaji akachungulia kwenye pazia, macho yamemtoka. Eish, nikasema moyoni, basi nitaimba hapa hapa. Nikasimama juu ya kile kiti, nikaitoa sauti yote niliyopewa na Mungu, nikilalamika kwamba nchi yangu imepewa kiti kifupi. Mama mmoja akaziba mdomo kwa mkono, akidhani balozi wa kweli amekasirika. Ndipo balozi wa pili akanijibu kutoka jukwaani, watu wakaelewa, na kicheko kikalipuka. Walipiga vigelegele, walipiga miguu sakafuni. Mtu wa protokoli mwenyewe akanishika mkono kunipandisha ngazi. Nasema wazi, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Mchezo ulipokwisha, yule wa protokoli alinifuata tena. Bado hakuwa na hakika kama mimi si balozi wa kweli. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumsaidia kupata viza ya Kanada.

Mwongozaji alikuwa amesimama karibu, akasikia kila neno. Alitangulia hadi mlangoni, akaufungua, akainama.

"Ekselansi, pita."

Nikapita, tena bila haraka.