Mbuzi mwenye alikuja akiitwa

Mama wa page, ficha jina yangu, maana hapa Kasongo wananijua kwa hii kazi.

Wapendwa, niko mama wa miaka 46, mujane, mutu wa kusali kila asubui. Masomo yangu yaliishia darasa la sita. Kazi yangu ni kununua wana-mbuzi wakondefu kule Kabambare, nawanenepesha, nawaosha, nawafundisha kufuata mutoto mudogo bila kuvutwa kamba. Kisha nawauzia wazazi wenye wanataka mutoto wao aongoze mbuzi muzuri mpaka altari, kama sadaka ya siku ya mavuno. Mbuzi mukaidi anatia jamaa haya mbele ya kanisa nzima. Wangu hawakaidi, sababu binti yangu wa miaka tisa (tumuite Riziki) anawalisha majani ya viazi mukononi na kuwaita kwa jina. Wakiuzwa, namwambia, "Wameenda kukaa shambani kwa padri." Mungu anisamehe.

Mavuno ya mwezi uliopita, mama moja wa Salamabila alinunua Bizu, mbuzi mweupe. Bizu alitembea nyuma ya mutoto wake kama bibi arusi, vigelegele vikapigwa. Misa ilipoisha, wapishi wakamupeleka nyuma ya parokia. Alipoona kisu akakata kamba, akaingia mu shamba ya mihogo. Wanaume walikimbiza mpaka wakachoka. Mumoja akanicheka, "Mama mwalimu, mwanafunzi wako amefaulu kukimbia." Mama wa Salamabila akasema, "Kumbe uliniuzia mbuzi ya pori."

Niliona kazi yangu inakufa. Nikamuleta Riziki. Nikamwambia, "Mwite, mama yangu. Wanataka kumupa maji."

Aliita mara moja tu. Bizu akatoka mu mihogo, akaweka kichwa mukononi mwake. Wakamuchinja pale pale, damu ikarukia robe ya Riziki, gauni yake ya misa. Mutoto hakulia. Aliniangalia tu.

Sasa nimeleta mbuzi mupya. Juzi nilimukuta Riziki anamuita kwa sauti tamu. Mbuzi akikaribia, anamupiga fimbo ku pua. Anaita tena, anapiga tena. Nikamushika mukono, "Unafanya nini?"

Akajibu pole pole, "Namufundisha, mama. Mutu akimuita, akimbie."

Nimeungama kwa padri, nimefunga, nimesali rozari. Lakini mutoto, hata mimi nikimuita, haji. Nyinyi wenye mumelea watoto, nishaurini: nimuite namna gani?