Pacha Haliliwi

Nilipokuwa msichana mdogo katika komini ya Kenya, wilaya moja ya mji wetu hapa Lubumbashi, kila nilichopewa kilikuja kwa jozi. Gauni la Noeli lilishonwa mara mbili. Hata muuza maandazi wa kona yetu, aliyenifahamu, alinitilia mawili mkononi bila kuulizwa. Mgeni angedhani nimedekezwa. Ukweli ni kwamba la pili halikuwa langu. Lilikuwa la Mbuyi, pacha wangu, aliyefariki kwa surua tulipokuwa na miaka minne. Mimi ni Kabanga, niliyemfuata kutoka tumboni, na kwa Waluba wa Kasai, walikotoka wazazi wa baba, pacha hapewi kitu peke yake, hata kama mwenzake hayupo.

Wala haliliwi. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Kaku, ndivyo tunavyomwita bibi, alisema pacha aliyekufa ukimlilia atasikia, atadhani anaitwa, na akija hataondoka mikono mitupu. Atamchukua aliyebaki. Siku ya mazishi Kaku alisimama kwenye mlango wa ua, akawazuia wanawake wa mtaa waliokuja na vilio vyao tayari kooni.

"Hapa hapana kilio," aliwaambia. "Mbuyi alienda kushota mayi." Kwetu pacha hasemwi amekufa, husemwa ameenda kuchota maji.

Mama alitii. Alikuwa mkwe, alikuwa kijana, na alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki wa kumpoteza. Kwa miaka mitano hakuna aliyeona chozi lake. Hata vitunguu alivikata uso ameugeuzia pembeni. Nami nilikua nikijua kwamba uhai wangu unakaa machoni mwa mama, kwa hiyo niliyachunga macho yale kuliko nilivyochunga masomo yangu.

Tulifanana sana, mimi na Mbuyi, hata baba alituchanganya. Kila nilipoongezeka kimo, mama alijua Mbuyi naye angekuwa wa kimo gani. Mara nyingine alinitazama muda mrefu nikivaa sare ya shule, halafu akachukua ufagio na kufagia ua ambao ulikuwa umefagiliwa asubuhi.

Nilipokuwa na miaka tisa, wamama wa parokia yetu walikwenda mafungo, retrete kama wanavyosema wenyewe, kwenye nyumba ya masista nje ya mji, upande wa Kinsevere, kule malori ya madini yanakopita na kuacha vumbi jekundu juu ya majani. Watoto hawaendi retrete. Lakini tangu kifo cha Mbuyi mama hakuwahi kulala mbali nami, na Mama Prezidanti, kiongozi wa wamama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza maandamano, aliguna kisha akakubali. Sharti lake lilikuwa moja: nifunge mdomo kama wengine, kwa maana kuanzia Ijumaa jioni hadi misa ya Jumapili hakuna mtu wa kusema isipokuwa kusali.

Nakwambia, kunyamaza kwa wanawake wale, karibu wote wachuuzi wa soko la Kenya, kulikuwa jambo la kutazama. Waliombana chumvi kwa kuinua nyusi. Waligombania ndoo ya kuogea kwa mabega. Mimi nilifurahi, nikaona mbinguni huenda kukawa hivi.

Jumamosi mchana, katika kanisa dogo, sista mzee alitufundisha habari ya Yesu kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro. Alisema taratibu, mikono ndani ya mikono ya kanzu yake.

"Yesu alijua atamufufua. Na bado alilia. Sasa ninyi, bamama, munafungaka machozi juu ya nani?"

Akaketi. Nilisikia mtu akivuta kamasi mbele, mwingine nyuma, kisha nikasikia sauti karibu yangu kabisa ambayo sikuwahi kuisikia maishani, na ilitoka kwa mama. Alikuwa ameinama hadi paji la uso linagusa benchi, na mabega yanaruka.

Nilimvuta kitenge. Nilimnong'oneza, "Mama, nyamaza. Mama, atasikia." Hakunyamaza. Nilifikiri haraka, kama mtoto wa katekisimu anavyofikiri. Tulikuwa tumefundishwa kwamba maji ya ubatizo yanaosha hata dhambi ambayo hukuifanya wewe. Yashindwe na machozi? Nikampokonya mama kitambaa chake kilicholowa, nikakimbia hadi kwenye chombo cha maji ya baraka mlangoni, nikakizamisha chote na kukisugua kwa ngumi, kama tunavyosugua soksi, ili kilio kitoke kabla Mbuyi hajakisikia.

Mama Prezidanti alinikamata mkono. Macho yake yalisema mengi, lakini mdomo ulikuwa umefungwa na retrete, masikini, akabaki anapumua kwa nguvu na kuonyesha maji yaliyochafuka. Hapo woga ukanishinda.

"Nitakufa!" nililia, na kanisa zima likasikia. "Mama amemulilia Mbuyi. Mi nitakufa!"

Mama alikuja akanibeba, msichana mkubwa mwenye miguu inayoning'inia, akanipeleka nje kwenye ngazi za jikoni. Na pale, mchana kweupe, alivunja ukimya wake.

"Nani alikuambia utakufa?"

"Kaku. Alisema mukilia, Mbuyi atakuya kunikamata."

Mama alinifuta uso kwa kiganja. Hakumtukana Kaku, na hata leo namheshimu kwa hilo.

"Kabanga, unisikilize muzuri. Mbuyi alikuwa anakupendaka sana. Akipata mukate, kipande kubwa anakupatia weye. Muntu wa vile atakuya kukukamata juu ya nini?"

"Sasa juu ya nini hamukulia tangu zamani?"

"Juu nilikuwa naogopa."

"Na sasa?"

"Sasa pia naogopa," alisema mama. "Lakini namukumbuka kupita vile naogopa."

Kisha nikauliza swali ambalo nyumbani kwetu halikuwa na mahali pa kuulizwa: alikuwa mtu wa namna gani, huyo Mbuyi? Mama akacheka huku bado analia. Alisema Mbuyi aliogopa kuku. Jogoo wa jirani akiingia uani alijificha nyuma yangu na kunishika gauni, na mimi, mfupi kama chungu, nilimfukuza jogoo kwa kijiko. Sikukumbuka hata kidogo. Kumbe kulikuwa na mtu aliyeniona jasiri, na nilikuwa sijui. Nilimpenda Mbuyi siku ile. Kabla ya hapo nilikuwa namwogopa tu.

Mama Prezidanti alitufuata na kitambaa chake mwenyewe, kikavu, akakiweka mkononi mwa mama. Mimi alinitikisia kidole kwa ajili ya maji ya baraka, akarudi ndani.

Jumapili tulirudi nyumbani. Kaku alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Mama alipiga magoti mbele yake kwa heshima, lakini maneno yake hayakupiga magoti.

"Mama, nimemulilia Mbuyi."

Vidole vya Kaku vilisimama. Alinitazama mimi.

"Na hii moya?"

"Iko muzima, mama."

"Leo iko muzima," alisema Kaku, akaendelea na maharage.

Kabla wiki haijaisha nilishikwa na homa. Ulikuwa msimu wa mvua, mbu wamejaa, nusu ya mtaa inatetemeka, lakini nani angemwambia Kaku habari za mbu? Nilitapika kila kitu. Baba alileta muuguzi na kinini, dawa ya malaria. Mama alinivisha rozari shingoni. Kaku alinipaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso na kifuani. Nilisubiri wagombane. Hawakugombana, kila mmoja alimpisha mwenzake kando ya mkeka wangu, kama watu wanaochota kwenye kisima kimoja.

Homa ilipopanda zaidi, saa za adhuhuri, nilimsikia Kaku akizungumza na mtu. Nilifungua jicho. Alikuwa ameketi chini, amegeukia upande wangu wa kushoto, mahali Mbuyi alipokuwa akilala.

"Mbuyi, mwana wangu," alisema, "hii moya utuachie. Utusamehe. Tulikunyamazia sana." Yule mwanamke aliyesimama mlangoni siku ya mazishi alifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti kubwa, na mama, aliyekuwa ananikanda kwa maji, aliacha kitambaa, akaenda kumkumbatia.

Nilipona. Muuguzi alisema ni kinini, mama alisema ni Bikira Maria. Kaku hakusema, ila tangu siku hiyo jina la Mbuyi lilitajwa kwetu mezani kama la mtu yeyote. Niliambiwa alivyotamka vibaya jina la baba, alivyopenda kulala na kiatu kimoja. Kwa hiyo Kaku hakudanganya. Mbuyi alisikia tukimlilia, na kweli alirudi nyumbani.

Sasa ni mimi ninayempeleka mama retrete, kwa sababu magoti yake yanamsumbua, na ndani ya kanisa lile nimewaona wanawake wengi wakiinama hadi kwenye benchi. Watu wakiwacheka wazee kwa miiko yao, mimi hushindwa kucheka. Kaku hakuwa na roho ngumu. Alikuwa na mjukuu mmoja mkononi, na ukimya ndio ngao pekee aliyokuwa nayo, akatukinga nao sisi sote, akianza na kuyakaba machozi yake mwenyewe. Yalimuuma kama yalivyomuuma mama. Sisi ndio hatukumuuliza.

Alipofariki miaka miwili iliyopita, jamaa walitaka tutulie kidogo hadi padri afike. Mama alikataa. Alinishika mkono, tukaketi chini kando ya mwili wa Kaku, tukamlilia kwa sauti, na mlango wa ua tuliuacha wazi ili mtaa mzima uingie.